Vidole Vinne Chini ya Bati

Jumanne, tarehe 12 Novemba 1974, saa nne asubuhi. Lupakisyo yuko juu ya ngazi, kopo la lami mkono wa kushoto, brashi ya katani mkono wa kulia. Anapaka paa la nyumba yake mwenyewe.

Bati ni jipya, linang'aa hadi macho yanauma. Kila brashi inapopita, mng'ao unazimika, unabaki weusi unaonuka kama barabara. Chini yake wanaume wawili wanakandika udongo kuziba mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa. Ndani, mkewe Domina amelala kitandani, miguu imemvimba. Mganga wa zahanati ya kata amemwambia apumzike ndani, asitoke juani.

"Baba Teresia," anaita kutoka ndani, "mnafunika nyumba au mnafunika chungu?"

Wanaume wanacheka. Lupakisyo naye anacheka, huku juu kwenye ngazi. Saa sita kazi imekwisha.

Jumanne ya tatu baada ya hiyo, wanamzika Domina.

Leo ni miaka minne kasoro mwezi. Fundi Lupakisyo ana umri wa miaka hamsini na saba, na ndiye mwezekaji wa pekee katika kijiji cha Tupendane, upande wa Kilosa unaoelekea Mikumi. Ukimuuliza mambo yake yaliharibika lini, hakutajii siku ya msiba. Anakutajia siku ya lami.

"Msiba kila mtu unamfika," anasema. "Lakini lami ililetwa. Ilibebwa kwenye trekta, ikateremshwa, ikagawiwa kwa kopo. Kitu kilicholetwa kina aliyekileta."

Historia ya lami hiyo si ndefu. Wajenzi wa barabara kuu walipomaliza kazi yao walitupa mapipa kando ya njia. Watu wa Tupendane walikuwa wamehamishwa miezi miwili tu kutoka mabondeni, na kila kaya ilikuwa imepewa mabati ili iondokane na nyasi. Ikaja amri. Mabati yapakwe lami yasiote kutu, kwa sababu mengine hayapo. Mianya ya juu ya kuta izibwe, mbu na popo wasiingie.

Amri ilikuwa na sababu. Wakubwa hawajawahi kukosa sababu. Kutu ni kweli inakula bati, na mbu ni kweli analeta homa. Ambacho hakikuwamo katika amri ni mtu mmoja wa kulala ndani ya nyumba hiyo saa nane mchana mwezi wa Novemba, kisha akaja kueleza alivyojisikia.

"Kule bondeni tulikuwa na nyumba ya nyasi," anasimulia Lupakisyo. "Ilikuwa inavuja kidogo, nakubali. Panya walikuwamo. Lakini mchana ukiingia ndani unahisi umeingia kisimani. Hii ya bati mimi mwenyewe ilikuwa inanitoa nje saa tano. Mama Teresia hakuwa na miguu ya kutoka."

Jirani walimpepea kwa zamu kwa ungo. Siku mbili za mwisho walimhamishia jikoni, kwenye kibanda cha nyasi. Cheti kilisema moyo.

"Moyo, sawa. Sibishani na daktari," anasema fundi. "Ila na wewe upike moyo mgonjwa wiki tatu, halafu uniandikie umekufa kwa nini."

Anachukua ngazi yake begani, tunaelekea kazini.

Kazi yenyewe ni zahanati mpya. Wanakijiji wamefyatua matofali, wamejenga kuta, na Lupakisyo ameezeka paa lote kwa siku tisa, kwa ujira wa shilingi tisini. Ina vyumba vinne. Viwili vya upande wa mashariki vinalingana kama mapacha: kimoja cha kujifungulia, kingine stoo ya dawa.

Bati juu ya vyumba hivyo bado jeupe. Ndiyo fitina yenyewe. Kijiji kimebakiwa na mapipa mawili ya lami, na halmashauri imekwisha kata shauri kwamba zahanati ipakwe kabla ya mvua, na mianya izibwe. Fundi amekataa kupanda ngazi. Amekataa tangu Septemba.

"Mwambieni Mwinshehe apande yeye," aliwaambia wajumbe waliotumwa. "Ana miguu mizima."

Mwinshehe ni mwenyekiti wa kijiji, mkulima wa pamba wa siku nyingi. Wameuguzana mpaka chooni wakati wa maradhi na wamebebana msibani, lakini tangu Septemba wanasalimiana kwa kichwa tu. Leo wote wawili wako hapa, kwa sababu Bwana Afya anakuja kutoka Kilosa kuamua. Akisema lami, fundi mwingine ataletwa kutoka Ruhembe, na akina mama watajifungulia chini ya bati jeusi. Akisema hapana, chumba kitabaki kama Lupakisyo alivyokitengeneza.

Na amekitengenezaje? Hapo ndipo penye elimu yake yote, nayo haikutoka shuleni. Shule aliishia darasa la pili. Baba yake alitoka Rungwe kuja kukata mkonge, na mtoto wa mkata mkonge alikuwa na kazi nyingine za kufanya asubuhi.

Elimu yake ilitoka juu ya mabehewa. Kwa miaka kumi na mmoja, tangu 1952, alikuwa kibarua wa reli, kazi yake kuziba na kupaka mapaa ya mabehewa. Huko aliona jambo ambalo hakuambiwa maana yake. Behewa la watu wa kawaida lilikuwa na paa moja. Behewa la mabwana lilikuwa na mapaa mawili, moja juu ya jingine, katikati pana nafasi ambayo mkono unapita. Tena la juu lilipakwa rangi ya fedha.

"Nikamuuliza msimamizi, hapa katikati mnaweka nini? Akasema, hewa. Nikacheka. Nikadhani ananifanya mjinga. Nani anajenga chumba cha kuwekea hewa?"

Uhuru ukaja. Mabwana wakaondoka, mabehewa yakabaki.

"Tulirithi viti," anasema. "Walipokuja kutujengea nyumba bora, hakuna aliyekumbuka paa la pili. Wakatujengea behewa la daraja la tatu, tena lisilotembea, ambalo hata upepo wa njiani haulipati."

Baada ya arobaini ya mkewe alijenga vibanda vitatu nyuma ya nyumba, kila kimoja kikubwa cha kutosha mbuzi wawili. Vyote vya bati, vyote vimezibwa pembeni. Alitafuta kipimo cha joto, akakosa. Akanunua mishumaa.

Njia yake ni hii. Anapigilia msumari ukutani, juu karibu na paa, na kuuchomeka mshumaa ulale usawa kama kidole kinachoelekeza njia. Hauwashi. Anafunga mlango saa nne, anafungua saa nane. Joto likizidi, mshumaa unalegea na kuinama. Kadiri ulivyoinama ndivyo chumba kilivyowaka.

Kijiji kilipata mchezo. "Lupakisyo anawasomea mbuzi misa," walisema. Akipita dukani wanamwita Padri. Mama mmoja alimuuliza kwa upole kabisa kama ni mizimu ya Rungwe inayodai mishumaa. Akamjibu kwamba mizimu ya Rungwe inadai ndizi.

Kitu king'aavu, cha kuiga ile rangi ya fedha ya mabehewa, alikipata katika duka la ushirika. Masanduku ya chai huja yametandikwa ndani karatasi yenye ngozi ya bati laini, upande mmoja karatasi, upande mwingine kama kioo. Chai ikiisha, sanduku linakuwa kiti na karatasi inachezewa na kuku. Akaiomba.

Mara ya kwanza aliibana kati ya bati na mkeka mzito, vitu vitatu vimegusana. Mshumaa ukainama vilevile.

"Kama vile sijaweka kitu," anasema. "Niliweka kioo mahali ambapo hakina cha kutazama. Bati linakigusa, linakipa moto mkononi, nacho kinaupitisha. Ni kama kupokezana sufuria."

Mara ya pili alisuka fremu ya mianzi, akaitandaza karatasi juu yake, akaiteremsha vidole vinne chini ya bati. Pande mbili za mwisho akaacha matundu, akayafunika kwa wavu wa chuma, hewa ipite na popo asipite. Upande unaong'aa akauelekeza juu, ulitazame bati.

Saa nane alifungua mlango. Mshumaa ulikuwa umenyooka.

Hakumwita mtu. Alikaa ndani ya kile kibanda, ameinama kwa kuwa kilikuwa kifupi, mpaka jua likapungua. Anasema alikuwa anahesabu. Karatasi ilikuwa imelala dukani tangu kijiji kilipoanza. Mianzi iko mtoni bure. Vidole vinne vya hewa havina bei mahali popote.

Lakini kiangazi kilipokolea, mshumaa ukaanza kuinama tena, kidogo kidogo. Mwezi mzima alimtukana kila aliyemkumbuka. Ndipo akapanda, akapitisha kidole juu ya karatasi, kikatoka kimejaa vumbi. Mng'ao ulikuwa umezikwa. Akaigeuza kichwa chini, upande unaong'aa utazame chumbani, ambako vumbi haliwezi kulala. Tangu hapo haijamwangusha, sasa ni misimu miwili.

"Kinachong'aa kisigusane na kitu, na kisitazame juu," anasema, kama anayesoma amri zake mwenyewe. "Basi. Ningekuwa nimesoma ningeandika kitabu. Sikusoma, nimetengeneza dari."

Dari ya chumba cha kujifungulia imemeza karatasi za masanduku kumi na moja. Stoo ya dawa ameiacha hivihivi, bati tupu, kwa makusudi. Saa nne asubuhi ya leo ametundika mshumaa katika kila chumba, akafunga milango, na funguo akampa Mwinshehe mbele ya watu.

"Kaa nazo wewe," akamwambia. "Usije ukasema nimeingia kuupepea."

"Mimi nikae na funguo za mishumaa," Mwinshehe akajibu, akizitia mfukoni. "Kijiji hiki kimepata mwenyekiti."

Bwana Afya anafika saa nane kasorobo. Anaitwa Makarius, kijana wa miaka kama thelathini, shati limemganda mgongoni. Anawaamkia wazee wote wawili, "Shikamooni," anaitikiwa, anapewa maji. Muuguzi Sesilia, atakayefanya kazi hapa, amesimama karibu na mlango na daftari lake kifuani.

Wanafungua stoo kwanza. Joto linatoka kama mtu aliyechelewa safari. Mshumaa ulioko juu ya mlango umekunjika kabisa, ncha yake inatazama sakafu.

Wanafungua chumba cha kujifungulia. Mshumaa umelala usawa, kama ulivyotundikwa. Watu wamejazana dirishani. Mmoja anasema, "Padri kashinda," wanacheka, lakini si kile kicheko cha zamani.

Bwana Makarius anatazama dari ya mianzi na ule mng'ao unaoonekana katikati ya fito. Anaingiza mkono, anagonga gonga.

"Mzee, nimeona. Lakini mshumaa si kipimo cha serikali," anasema. "Siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba mshumaa ulipinda."

"Andika kwamba mgonjwa alipinda," Lupakisyo anasema.

"Fundi," Mwinshehe anamkanya.

"Tena ramani haina nafasi hii," Bwana Makarius anaendelea, akifunua makaratasi. "Ramani inaonyesha mwanya umezibwa. Leteni kipimo cha kweli, tuseme kipimajoto, nitaandika."

Hapo Sesilia anaomba ruhusa kusema. Ana sauti ya chini, watu inabidi wasogee.

"Ndugu Bwana Afya, vipimajoto vya homa nilipewa vitano. Mwezi jana niliviweka kwenye stoo hiyo, siku ya pili nikakuta vitatu vimepasuka. Vinaishia digrii arobaini na mbili. Joto likipita hapo, zebaki haina pa kwenda." Anafungua daftari. "Niliandika barua Kilosa kuomba vingine. Nilijibiwa nieleze uzembe wangu."

"Na viwili vilivyobaki?"

"Nilivihamishia chumba hiki. Vizima."

Bwana Makarius haandiki mara moja. Anatoka nje, anasimama kivulini mwa ukuta, anavua kofia, anarudi tena stoo peke yake na kufunga mlango. Watu wanatazamana. Anakaa humo kwa muda wa kuvuta sigara moja. Anapotoka uso umelowa.

"Sina mamlaka ya kubadili ramani," anasema. "Ila nina mamlaka ya kusema kazi isimame. Lami isipakwe, mwanya usizibwe, mpaka Kilosa wajibu. Nitawaandikia. Na hivyo vipimajoto nitaviandika."

"Watajibu lini?" anauliza Lupakisyo.

"Hilo, mzee wangu, hata mimi siwezi kukudanganya."

Mvua zinatarajiwa baada ya wiki tatu. Mtu mwingine angeshukuru na kuaga. Lupakisyo hakuumbwa hivyo. Anamfuata hadi kwenye gari na kumuuliza swali ambalo amemuuliza kila mwenye kofia aliyekanyaga Tupendane kwa miaka minne. Nani aliyesema lami?

"Mwaka 1974 nilikuwa chuoni, mzee," anasema Bwana Makarius.

"Kata wanasema ilitoka tarafa. Tarafa wanasema ilitoka wilaya. Wilaya niliambiwa lilikuwa wazo la wananchi." Anamgeukia Mwinshehe. "Sasa wewe ndiye uliyesoma tangazo. Ulisimama pale, na karatasi mkononi. Liliwekwa sahihi ya nani?"

Mwinshehe ni mtu mpole. Miaka yote swali hili likija hutazama pembeni. Leo hatazami pembeni. Labda ni joto, labda ni ule mshumaa.

"Sikuangalia sahihi," anasema. "Niliambiwa soma, nikasoma. Hilo nalibeba, na kwa Mungu nitaulizwa. Lakini Lupakisyo, tuambizane leo, mbele ya hawa. Mimi mkulima wa pamba. Bati nilikuwa naliona dukani tu. Wewe umepaka mabehewa rangi ya fedha miaka kumi na mmoja. Katika kijiji kizima, siku ile, aliyekuwa amewahi kuona paa la baridi ni mtu mmoja."

Sesilia anafunga daftari.

Gari linawashwa, linaondoka. Lupakisyo anarudi chumbani, anaegemeza ngazi, anapanda. Amebakiza vyumba vitatu, na anahesabu kwamba atahitaji masanduku thelathini na matatu ya chai. Binti yake Teresia, anayeuza chakula kituoni Dumila, ameahidi kumkusanyia mengine kwenye mahoteli ya huko. Anataka dari yote ya zahanati iwe imekamilika kabla ya majibu ya Kilosa, ili yakija, yakute kazi imeisha. Baada ya hapo angependa kupita nyumba kwa nyumba, aanzie na zenye wagonjwa na wazee.

Nyumba yake mwenyewe hataigusa. Paa lake bado ni jeusi, mwanya bado umezibwa kwa udongo uleule, na yeye analala jikoni, kwenye kibanda cha nyasi. Ukimuuliza kwa nini, anasema ameiacha iwe shahidi. Shahidi wa nani, hasemi.

Mwinshehe amebaki mlangoni. Ameshika ngazi isiteleze, kwa kuwa sakafu ni mpya na hakuna mwingine wa kuishika. Juu, misumari iko mdomoni mwa fundi, nyundo inagonga, inagonga. Mwenyekiti anasubiri igonge mpaka imalize mwanzi mmoja, kisha anauliza, polepole, bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Ulijua, Lupakisyo. Mbona ulipanda?"